Jina Langu Lilitangulia Pangoni

Mwanamke ambaye sikuwahi kumtia machoni alinikataza kukanyaga kwake. Na wakati ananikataza, alikuwa analia.

Habari hiyo aliniletea mchuuzi wa samaki, asubuhi, kwenye mlango wa jiko la hoteli, nikiwa na sinia la vikombe mkononi.

Sinia halikuanguka. Nalitaja hilo kwa sababu katika simulizi za siku hizi lazima kitu kianguke. Mimi nilikuwa mtumishi niliyefunzwa kazi.

Lakini tokea asubuhi ile sikuwa tena mtu yule yule.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba. Nilikuwa kijana, natumikia meza katika hoteli ndogo ya Mgoa mmoja, Bwana Pinto, maeneo ya Vuga. Mchana kazi, jioni skuli ya usiku, Kiingereza na hesabu.

Wenzangu jikoni wakinicheka. "Silima, Kiingereza chote hicho utakula na nini?"

Niliwaacha wacheke. Kiingereza hicho hicho ndicho kilichonipa nafasi.

Bwana Pinto alikuwa kajenga nyumba ya mapumziko kule kaskazini, ukishaipita Mkokotoni, kwenye uwanda. Asiyeujua uwanda nimwambie: ni nchi ya mawe matupu, makali kama msumeno, vichaka vya miiba, udongo wa kuokoteza. Jua linakupiga kutoka juu, mawe yanakupiga kutoka chini. Ukizoea vichochoro vya Mji Mkongwe na vivuli vyake, huamini kama ni kisiwa kimoja. Jangwa letu ndilo hilo.

"Wazungu wanapenda pahala pasipo na kitu," Bwana Pinto alisema. "Sisi tunapakimbia, wao wanapafuata."

Karibu na nyumba ile kulikuwa na pango. Pango la mzimu, lenye maji baridi ndani yake na vitambaa vyeupe na vyekundu mlangoni. Watu wa huko wakilitunza tangu kabla ya babu zao kuwa na majina.

Bwana Pinto aliniita ofisini. "Silima, safari ya kwanza ikenda sawa, msimamizi wa nyumba ile ni wewe. Funguo zote kiunoni pako."

Mimi, mtoto wa mshona kofia wa Miembeni, baba hamali wa bandarini aliyekufa mgongo umepinda. Funguo zote kiunoni pangu. Nilikuwa nikitembea njiani nazisikia zikigongana, na bado sijapewa hata moja.

Mgeni wa safari hiyo ya kwanza alikuwa mama wa Kizungu kutoka Australia. Bibi Edna. Mjane, mrefu, mwembamba, kofia ya majani, kubwa kama ungo.

Tulikaa barazani, Bwana Pinto, yeye na mimi, tupange safari. Bwana Pinto alianza na mambo ya chakula. Bibi Edna akamkata kauli.

"Nani mwenye pango?"

"Kiwanja changu kinafika karibu kabisa," Bwana Pinto alisema.

"Sikuuliza kiwanja. Nimeuliza pango."

Bwana Pinto alinitazama mimi, kama nimemfunza yule mama kusema hivyo.

Ndipo Bibi Edna akatueleza. Kwao, katikati ya jangwa, kuna mwamba mmoja mwekundu, mkubwa kama mji, umesimama peke yake. Wenyeji wa asili wa nchi ile wanautukuza, kila ufa una kisa chake. Yeye na marehemu mumewe walikwenda huko, wakalala kwenye mahema, asubuhi wakaupanda mpaka juu, wakapiga picha wanacheka.

"Tuliposhuka palikuwa na bibi mmoja mzee, mwenyeji," alisema. "Hakutukemea. Alitazama chini, akaondoka zake. Mume wangu alikufa, mimi nimezeeka, na bado namwona yule bibi anavyotazama chini."

Alikunywa maji kidogo.

"Safari hii nitauliza kwanza. Nikikataliwa, nitakaa kwenye kiti chako, Bwana Pinto, nitazame mawe."

Bwana Pinto alitaka biashara, kwa hiyo alikubali. Na kazi ya kuuliza nilipewa mimi.

Nilimjua mtu mmoja tu wa huko. Jecha, mchuuzi wa samaki, akija na gari la asubuhi na matenga yake, akituuzia changu na kolekole jikoni. Jecha alikuwa mtu wa maneno. Hata samaki wake walikuwa na mdomo wazi kwa kumsikiliza.

"Ruhusa haitoki kwangu," aliniambia. "Inatoka kwa mvyale. Bi Mwanamwema. Yeye ndiye anayeusemesha mzimu. Wewe nipe majina tu."

"Majina ya nani?"

"Ya wageni wote, na mama zao. Kule haingii mtu kwa jina la baba, yakhe. Mvyale anasimama mlangoni, anataja: fulani mwana wa bibi fulani. Mamaako akiwapo anaitika, naam. Kama hayupo, mtu wa damu yake anaitika badala yake."

"Na asiyekuwa na mtu?"

"Mvyale mwenyewe anamuitikia. Haachwi mtu asiitikiwe. Lakini jina liwe la kweli. Ukitajwa kwa jina la uongo, umeshajitoa kwenye watu."

Nilimpa majina. Edna mwana wa Margareti. Pinto mwana wa Filomena.

"Filomena," Jecha alijaribu kulitafuna. "Hili jina au dawa ya mba?"

"Na mimi. Silima mwana wa Mwanapili."

"Hilo jepesi," alisema, akabeba tenga lake.

Ndilo jibu la majina hayo lililonikuta na sinia la vikombe.

Jecha siku hiyo hakufanya mzaha. Hilo peke yake lilinitia baridi.

"Mzungu kakubaliwa. Mgoa kakubaliwa. Wewe hukukubaliwa."

"Kwa kosa gani?"

"Kasema, huyo Silima keshatajwa hapa zamani. Lakini si kwa mama huyo."

"Hanijui. Labda Silima mwengine."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwambia, huyu wa Miembeni, mamaake Bi Mwanapili anashona kofia, babake alikuwa hamali. Silima, yule mama alikaa chini. Mawe yale yana moto, lakini alikaa. Alilia mpaka ukaya wa kichwani ukarowa. Kisha kasema, Mwanapili huyo hakuzaa. Mwambie asije kwa jina hilo, nisije nikamwangamiza kwa mdomo wangu."

Unajua hasira ya mtu anayejiheshimu? Haichemki juu, inachemka chini. Nilimaliza zamu yangu yote. Nikamimina chai, nikajibu "yes madam" na "no sir", wala mtu hakujua.

Alasiri nilikwenda nyumbani.

Bi Mwanapili alikuwa kibarazani, kofia ya viua vya kudariziwa mapajani, sindano mkononi. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano tangu nilipopata akili. Kwa vidole hivyo nililishwa, nikavishwa, na ada ya skuli ya usiku ikatoka humo humo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Ushakula?"

"Nshakula." Nilikuwa sijala. "Mama, unamjua Bi Mwanamwema wa huko kaskazini, mvyale?"

Sindano ilisita hewani.

Aliponiambia miaka yote kuwa watu wake wa kaskazini wamekwisha wote, sikumuuliza zaidi. Mtu akisema watu wake wamekwisha, unamwonea huruma, humhoji.

"Nani kakutajia jina hilo?"

"Kasema wewe hukuzaa."

Nilitarajia atamtukana huyo mwanamke. Nilikuja nimejiandaa kumsaidia kutukana.

Aliiweka kofia chini, taratibu, kama anaweka yai.

"Keti, Silima."

Nikaketi.

"Mwanamwema ni ndugu yangu. Tumbo moja, titi moja. Mimi niliolewa mjini na Hamad. Nikakaa mwaka, nikakaa mwingine, tumbo halina kitu. Mama zake Hamad wakaanza kumtafutia mke mwengine, mbele yangu, wanataja majina kama hawanioni."

Alijipangusa vidole kwenye kanga.

"Mwanamwema alikuwa na mimba. Mumewe alikwenda kuvua, chombo kikarudi bila ya yeye. Na mama yetu alikuwa mgonjwa, uvyale unamshukia yeye Mwanamwema, hana pa kukimbilia. Nikenda kumwona, tukakubaliana mtoto atakuwa wangu, nikarudi mjini nikamwambia Hamad nami nina mimba, naomba nikajifungulie kwetu. Akafurahi, maskini. Aliniletea mchele na kanga, akanipakia garini mwenyewe."

"Mama."

"Niache nimalize, nikisita sitosema tena. Ulizaliwa alfajiri. Ndugu yangu alikaa na wewe arubaini yake, akakunyonyesha. Siku ya arubaini akakuogesha, akakufunga, akanikabidhi. Nikamuapisha kuwa maisha yake hatosema wewe ni wake. Naye akanambia, na mimi nnataka kiapo kwako: asiachwe na njaa hata siku moja."

Alitazama vidole vyake.

"Mimi changu nimekitimiza. Na yeye chake. Kumbe mpaka leo."

Wasomaji wangu, mtu anaweza kukaa kwenye baraza aliyokulia, akatazama mlango aliokulia, akauona ni mlango wa jirani. Hamad hakuwa babangu. Mwanapili hakuwa mamangu. Na funguo nilizokuwa nikizisikia kiunoni zilinyamaza zote kwa pamoja.

"Kwa nini hukunambia alipokufa Hamad?"

"Niliogopa utakwenda."

"Niende wapi?"

"Kwake."

Nilitaka kukasirika tena, nikaitafuta hasira, sikuiona. Niliona mwanamke mfupi, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, anaogopa.

Nikamwambia, "Twende kesho. Mimi na wewe."

"Ngoja nimalize kofia hii. Ni yako. Hutokwenda kwa mamaako na kofia ya dukani, aje aseme sikukushonea."

Kofia ya viua haiharakishwi, hilo nalijua, nimekulia ndani ya kazi hiyo. Nikangoja.

Nilimwambia Jecha apeleke neno: tunakuja, mimi na Bi Mwanapili, kofia ikisha.

Akarudi na jibu. "Kasema, nangoja."

"Basi?"

"Basi. Neno moja. Lakini kalisema anacheka, mwanamke yule ambaye hatujamwona akicheka tangu tunavaa kanzu za kutahiriwa."

Bwana Pinto naye akawa anasogeza safari. Mara vitanda havijafika, mara anataka na mkubwa mmoja wa serikali aje. Bibi Edna alingoja bila ya kunung'unika, akawa anajifunza Kiswahili kwangu. Neno la kwanza aliloniomba lilikuwa "hodi".

Na kofia haisogei.

Nikitoka kazini naitazama. Viua vilikuwa pale pale. Siku moja nilimkuta anafumua mstari mzima.

"Mbona unafumua, mama? Ulikuwa sawa."

"Haukukaa sawa."

Ulikuwa umekaa sawa. Nilikaa karibu yake, nikamshika mkono. "Hata nikimwita yeye mama, na wewe nitakwita nani? Nna jina jengine la kukuita mie?"

Alilia, akacheka, akasema nimeanza kuongea kama mwalimu wa skuli ya usiku. Tokea siku hiyo akashona kwelikweli. Ulibaki ukingo tu.

Ndipo Jecha alipokuja hotelini bila ya tenga.

Nilimwona kwenye kipenu cha mlango, amesimama, mikono mitupu, kofia kaivua. Mchuuzi anayekuja mjini bila samaki haji kuuza.

"Sema, Jecha."

"Amezikwa jana alasiri. Homa. Haikumpa hata wiki."

Nikamuuliza jambo la kipumbavu. Nikamuuliza, "Alijua kama tunakuja?"

"Kila gari likilia honi, alikuwa akitoka nje."

Bibi Edna alisikia, akaniuliza kwa Kiingereza nani amekufa. Skuli ya usiku walikuwa wamenifunza maneno mengi, hesabu za faida, majina ya miji ya Ulaya. Neno hili nalo nililijua. "My mother," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na nilimwita kwa lugha asiyoijua.

Ni yeye Bibi Edna aliyemwambia Bwana Pinto atoe gari. Hakuomba, alisema. Bwana Pinto aliendesha mwenyewe, na nataka nimtendee haki: njia nzima hakutaja biashara.

Bi Mwanapili alikaa nyuma na mimi. Kofia ilikuwa kichwani kwangu, ukingo haujaisha, uzi unaning'inia sikioni. Alitaka kuukata, nikamkataza.

Kaburi lilikuwa bichi. Nilisoma fatiha. Bi Mwanapili aliinama akawa anaokota vijiwe vidogo juu ya udongo, kimoja kimoja, kama anachambua mchele.

Aliyetupokea alikuwa msichana mmoja, Wanu, mtoto wa binamu yao. Uvyale ulikuwa umemshukia yeye. Macho yamemvimba, na bado hajajua mikono aiweke wapi.

"Wewe ndiye Silima," alisema.

"Unanijua?"

"Jina tu. Kila mwaka tukija kutaja watu, Bi Mwanamwema akishamaliza majina yote, anataja na hilo. Silima. Hasemi mwana wa nani. Anataja Silima, kisha anaitika mwenyewe, naam."

Nilihisi mkono wa Bi Mwanapili unanishika kanzu.

"Sisi watoto tulikuwa tukidhani ni maiti," Wanu aliendelea. "Kitoto kilichokufa, au mtu wa mbali asiyekuwa na mama, ndiyo maana mvyale anamuitikia. Siku moja nilimuuliza, Bi, huyu Silima mamaake nani? Akanambia, mamaake yupo, si umemsikia ameitika?"

Mnaelewa, wasomaji?

Yule mama hakuvunja kiapo. Aliapa hatosema, na hakusema. Aliitika tu. Mwaka baada ya mwaka, mbele ya watu wote, aliitika kuwa mimi ni wake, na hakuna aliyemsikia.

Kutoka kaburini mpaka pangoni kulikuwa na njia imefagiliwa, miiba imekatwa pande zote mbili. Wanu alisema Bi Mwanamwema aliifagia kila asubuhi tangu lilipokuja neno letu, mpaka homa ilipomlaza. Mwenyewe alikuwa akisema mtoto wa mjini nyayo zake laini.

Tulivua viatu. Bibi Edna alikuwa na kamera begani. Aliivua, akamkabidhi Bwana Pinto, akakaa juu ya jiwe, mbali. "Leo si siku yangu," alisema. Akabisha hodi kwa sauti ndogo, akiwa pale pale mbali.

Wanu akatia ubani kwenye kigae. Alimtaja Edna mwana wa Margareti, akamuitikia. Alimtaja Pinto mwana wa Filomena, akamuitikia. Bwana Pinto alipanga kusimama kama tajiri, lakini aliposikia jina la mamaake linaitikiwa katika mawe yale, alitoa kitambaa akajifuta uso.

Kisha Wanu akanigeukia, akasita. Alikuwa anamtazama Bi Mwanapili.

Na mimi nilimtazama. Aliyenilea yupo hai mbele yangu, na ninalotakiwa kulitaja si jina lake.

"Taja mwenyewe, mwanangu," Bi Mwanapili alisema. "Taja la kweli. Mie nipo."

Nikasema, "Silima mwana wa Mwanamwema."

Moshi ukapanda. Wanu akafungua mdomo ili aniitikie, maana ndiyo kazi yake.

Bi Mwanapili akainua mkono kumzuia.

"Naam," aliitika.

Aliitikia jina la ndugu yake, kwa sauti ya mtu aliyeitwa kutoka mbali na akachelewa kusikia. Akaitika tena, "Naam," na mara ya pili sauti ikakatika, nikamdaka asianguke juu ya mawe.

Funguo nilipewa. Nilikaa nazo kiunoni miaka kadhaa mpaka Bwana Pinto alipofunga nyumba ile akarudi kwao. Hakuna mgeni aliyepita mikononi mwangu akaingia pangoni bila ya kutajwa na mamaake. Wengine walinuna. Waliambiwa wakae kwenye viti watazame mawe.

Ukingo wa kofia haukumalizwa. Bi Mwanapili alitaka, nilikataa.

Alipokufa na yeye, nilimwomba Wanu anitaje mara mbili, mara moja kwa kila mama. Akasema mila haina hivyo, mtu hana mama wawili. Akakaa akafikiri. Kisha akanitaja mara mbili, na mara zote mbili aliitika yeye, kwa kuwa mama zangu wote wawili hawakuwapo tena kuitika.

Sikuandika haya ili mniliwaze, nimeshapita umri wa kuliwazwa. Nimeyaandika kwa ajili yako wewe unayengoja vitanda vifike, unayengoja kofia ikamilike, unayefumua mstari uliokaa sawa. Kama kuna mtu hujawahi kumwita kwa jina lake la kweli kwako, kamwite leo, na uzi wako unaning'inia hivyo hivyo. Mwite angali anaweza kuitika mwenyewe.